Ngazi, matone, msokoto au unyoya: kisu chako cha Dameski kivae nakshi ipi?

Wengi wetu tunaoingia kwenye Dameski, chuma cha visu chenye nakshi, huingia kwa picha. Umeona bapa la kisu lenye mawimbi kama maji yaliyopitiwa na upepo, au nyota zilizopangana, au unyoya uliolala kutoka mpinini hadi nchani, ukasema: na mimi nataka huo. Nami nilianza hivyo hivyo, na kosa langu la kwanza halikuwa la nyundo wala la moto. Nilidhani nakshi hukaa juu ya chuma kama chapa juu ya kitambaa. Kumbe iko ndani, unene mzima wa mche, yaani kile kipande cha chuma unachokifua kuwa kisu, na kila unaposaga unafunua kitu kingine.

Litazame umbo la kisu. Pande mbili zinateremka kutoka mgongoni mpaka zikutane kwenye makali. Kwa hiyo mgongo unaonyesha ngozi ya mche ulioufua, na makali yanaonyesha moyo wake. Nakshi nyingine zina nguvu kwenye ngozi na hufifia zikiukaribia moyo. Nyingine ni kinyume chake: ngozi ni ya kawaida tu, uzuri umejificha ndani. Na ziko zisizojali; usage sana, usage kidogo, zinabaki zile zile. Mimi huchagua kwa kigezo hicho kwanza, urembo baadaye, na ndicho nitakachotumia kuzilinganisha hapa.

Dameski ipi?

Jina hili limebeba vitu viwili. Cha kale ni chuma kilichoyeyushwa kwenye vyungu huko India na Sri Lanka, maarufu kwa jina la wootz, ambacho nakshi yake hujitokeza yenyewe kutokana na jinsi chembe ngumu za kabaidi, yaani kaboni iliyoungana na metali, zinavyojipanga ndani. Ufundi huo ulipotea kufikia karne ya 19. Katika miaka ya 1990 mtaalamu wa metali John Verhoeven wa Iowa State University na mhunzi Alfred Pendray walionyesha kwamba uchafu mdogo sana wa madini kama vanadi ulikuwa na mkono katika kuzipanga chembe hizo.

Cha pili ndicho tunachokifua wengi leo: vyuma viwili au zaidi vinapangwa kwa zamu, vinaungwa kwa moto na nyundo, kisha vinasokotwa, vinachimbwa au vinapasuliwa ili matabaka yaonekane. Ni ufundi wa zamani nao, ila kurudi kwake kwenye visu vya kisasa kunahesabiwa tangu mwaka 1973, Mmarekani William Moran alipovileta visu vyake vya Dameski kwenye maonyesho ya watengeneza visu. Ninayoyasema kuanzia hapa yanahusu hiki cha pili.

Na jambo moja tulimalize mapema. Nakshi haikati. Kisu hukata kwa sababu ya chuma chake, moto kiliotiwa na pembe ya makali. Anayekuambia unyoya unakata kuliko ngazi anakuuzia unyoya.

Chuma na hesabu ya matabaka

Jozi ambayo wahunzi wengi huanza nayo, na mimi bado niko nayo, ni ya aina mbili za chuma ziitwazo 1084 na 15N20. Ya kwanza ina kaboni karibu asilimia 0.84 na manganizi kiasi. Ya pili ina kaboni karibu asilimia 0.75 na nikeli karibu asilimia 2. Asidi tunayochovyea kisu ili nakshi ionekane huila 1084 ikawa nyeusi. Nikeli huilinda 15N20 ikabaki nyeupe. Faida kubwa zaidi haionekani kwa macho: vyote viwili vinakubali moto ule ule wa kutia ugumu, nyuzi 800 hadi 815 za Selsiasi hivi, na mafuta yale yale ya kuzimishia, yaani ya kukipoza chuma ghafla. Ndoa ya vyuma visivyopatana kwenye moto huvunjika siku ya kuzimisha, tena kwa mlio.

Wako wanaochanganya chuma cha kaboni nyingi na chuma laini cha kawaida kwa sababu kipo karibu. Kuungana, vitaungana. Lakini kaboni haitulii mahali pamoja kwenye joto la kuungia. Inahama kutoka tabaka hadi tabaka mpaka zilingane. Ukichukua nusu ya chuma chenye asilimia 0.95 na nusu ya chenye 0.15, baada ya kukunja mara kadhaa unabaki na mche wenye kama 0.55 kila mahali. Si chuma kibaya, ila siyo makali uliyoyalipia jasho. Nikeli yenyewe haihami kirahisi, ndiyo maana weupe wa 15N20 unabaki hata baada ya mikunjo mingi.

Sasa hesabu. Tuseme umepanga vipande 13, saba vya 1084 na sita vya 15N20, ili 1084 iwe nje pande zote mbili. Umeunga, umerefusha, umekata vipande vitatu na kuvipanga tena. Watu husema 39. Kwa kweli ni 37, kwa sababu kila mahali vipande vilipokutana ni 1084 juu ya 1084, na hizo zimekuwa tabaka moja nene. Rudia tena: 111 kwa mdomo, 109 kwenye chuma.

Je, 109 zinatosha? Chukua kisu chenye mgongo wa milimita 4 na upana wa milimita 30, kilichosagwa bapa kutoka mgongoni hadi makali. Kila upande unateremka milimita 2 ndani ya milimita 30, yaani mteremko unayafungua matabaka mara 15. Tabaka moja kati ya 109 lina unene wa karibu milimita 0.037, kwenye bapa litaonekana kama mstari wa nusu milimita na ushee. Hapo jicho linasoma vizuri. Ukiwa na matabaka 600, mstari ni milimita 0.1, na mtu aliyesimama hatua moja mbele yako anaona kijivu tu.

Kwa hiyo wingi wa matabaka si sifa. American Bladesmith Society, chama cha wahunzi wa visu cha Marekani, humtaka anayetafuta daraja la Master Smith, fundi mkuu, alete kisu cha majaribio chenye matabaka yasiyopungua 300, kikate kamba, kipasue mbao, kinyoe nywele, kisha kipindwe nyuzi 90. Kinachopimwa pale ni maungio yako na moto wako, siyo macho ya mtazamaji.

Kwa mwenye haraka

| Nakshi | Inataka nini | Inafifia wapi | Inafaa kisu gani |
|---|---|---|---|
| Mwagiko | nyundo tu | haitabiriki | chochote |
| Ngazi | grenda au tupa, mkono uliotulia | karibu na makali, mifuo ikitazamana | kirefu, chembamba |
| Matone | drili, au chapa ya kubonyezea | karibu na makali | kifupi, kipana |
| Msokoto | jiliwa, spana, moto ulio sawa | juu, kwenye ngozi | kilichosagwa kwa kina |
| Unyoya | presi (mashine ya kukandamiza) | haififii, ila maungio mabaya huiharibu | kipana, cha kuonyesha |

Jedwali linadanganya kidogo, kama majedwali yote. Maelezo ndiyo haya.

Mwagiko

Hii ni nakshi ya matabaka yaliyolala, ambayo hayakuchimbwa wala kusokotwa. Kinachoyapinda ni nyundo yako tu. Ukikisaga kisu, matabaka yanafunguka kama mistari ya mwinuko kwenye ramani: palipopigwa sana pana mabonde, palipoachwa pana vilima.

Wahunzi wa keris, jambia za kisiwa cha Java, wameliweka jambo hili vizuri kuliko sisi. Nakshi yao huiita pamor, na wanatofautisha pamor tiban, iliyojileta yenyewe, na pamor rekan, iliyopangwa na fundi. Moja ya zile zinazojileta inaitwa beras wutah, mchele uliomwagika. Mimi nimeiba neno humo.

Wengi huidharau kuwa ya wanaoanza. Sikubaliani nao. Mche wa mwagiko hauna hatua ya ziada ya kukuharibia kazi, na kila kisu kinatoka na uso wake. Ina mtego mmoja: ukifua kwa presi peke yake na kusaga kwa mashine iliyonyooka, matabaka yanabaki sambamba kabisa, na bapa linatoka na mistari michache mirefu inayofuata makali. Imenyooka, haina roho. Dawa ni kurudi kwenye nyundo ya mkono kwa moto miwili mitatu ya mwisho, uupige mche kwa uso wa nyundo ulioviringana, kisha uusawazishe.

Ngazi na matone, ndugu wa tumbo moja

Hizi mbili zinafuata wazo moja. Unaondoa chuma sehemu fulani za ngozi, halafu unaufua mche uwe bapa tena. Palipochimbwa, matabaka ya chini yanapanda juu kujaza. Ukichimba mifuo ya kukata mche kwa upana, unapata vipandio vya ngazi. Ukichimba vishimo, unapata miduara kama matone ya mvua juu ya dimbwi.

Wazo ni la kale. Panga za Uajemi na za Waturuki za chuma cha wootz zilikuwa na ngazi hiyo, zikiitwa kirk narduban, vipandio arobaini, na wengine huiita ngazi ya Muhammad. Verhoeven na Pendray waliirudia kwa kukata mifuo kwenye ngozi ya bapa kabla ya kulifua mara ya mwisho, na nakshi ya waridi kwa kutoboa vishimo. Yaani hata nakshi iliyojileta yenyewe ilikuwa inasaidiwa.

Kuna njia mbili za kuzifanya. Ya kwanza ni kukata kwanza, kufua baadaye: grenda, tupa au drili, kisha nyundo. Ya pili ni kubonyeza kwanza, kusaga baadaye: chapa yenye matuta inakandamizwa na presi kwenye mche wa moto, kisha unasaga vilele hadi bapa. Matokeo yanakaribiana. Tofauti ni mfuko na zana. Njia ya kwanza haihitaji presi, ila inakula muda na inataka mkono unaopima. Ya pili ni ya haraka na vipandio vinatoka sawasawa, lakini chuma unachokipoteza ni kile ulichokwisha kukiunga na kukikunja, na kinauma kukiona kikiwa vumbi. Kama huna presi, usijisumbue kuitafuta kwa ajili ya ngazi tu.

Sasa lile la moyo na ngozi. Ngazi yangu ya kwanza niliikata kwa uangalifu, mifuo ya upande mmoja ikitazamana na ya upande wa pili. Nilitia asidi. Mgongoni, vipandio vizuri mno. Kuelekea makali, karibu sentimita nzima, mistari imenyooka kama hakikufanyika kitu. Sikuelewa mpaka nilipochora mche kwa upande. Mifuo ikitazamana, matabaka yanavutwa juu na chini kwa nguvu sawa, na tabaka la katikati halina sababu ya kusogea. Na katikati ndipo makali yanapokaa. Mifuo ikipishana, mfuo wa upande huu ukiangalia tuta la upande ule, tabaka la katikati nalo linalazimika kupanda na kushuka, na wimbi linafika mpaka kwenye makali. Matone ni vivyo hivyo: kishimo cha upande mmoja kikae kati ya vishimo vya upande wa pili.

Kina nacho kina mipaka. Mimi siendi zaidi ya theluthi moja ya unene kila upande. Na mfuo uwe mpana, wenye sakafu ya mviringo. Mfuo mwembamba wenye ncha chini, ukiupiga nyundo haujazwi, unafumba. Kuta zake zinakutana zikiwa na magamba ya chuma kilichoungua katikati, na umejitengenezea ufa ambao utauona baada ya asidi, kisu kikiwa kimekwisha. Kwa matone hatari hii ni kubwa zaidi, kwa sababu ncha ya drili kwa asili yake inachimba shimo jembamba lenye ncha. Chimba kwa ncha pana, usizamishe, na usafishe kila kishimo kabla hakijarudi motoni.

Halafu kuna kurefuka. Lolote utakalolifua baada ya kuchimba linainyoosha nakshi. Vipandio vya ngazi vikiachana kidogo, hakuna atakayekulaumu. Bado ni ngazi. Matone yakirefuka yanakuwa mayai, na jicho linajua mara moja kwamba yalipaswa kuwa miduara. Kwa hiyo ncha, upana na mpunguo wa unene vimalizwe kabla hujachimba, na baada ya hapo nyundo iwe ya kusawazisha tu.

Nikibanwa nichague moja kati ya ndugu hawa kwa mtu ambaye ameshafua mwagiko mbili tatu, nampa ngazi. Inasamehe zaidi, na kosa la nafasi kati ya vipandio huonekana kama mtindo. Matone namwekea mwenye drili ya kusimama na subira, hasa kama kisu ni kifupi na kipana. Kwenye bapa jembamba, miduara mingi hukatwa na makali kabla haijafunga.

Msokoto

Hapa kila kitu kinageuka. Mche wa mraba wenye matabaka unapashwa moto, ncha moja inabanwa kwenye jiliwa, nyingine inashikwa kwa spana ndefu, na unasokota kama anayekamua nguo. Juu ya ngozi utaona mistari ya mshazari tu, mizuri kiasi, siyo ya kumwita jirani. Ukisaga kwenda ndani, mistari inaanza kupinda. Ukikaribia kitovu, mapindo yanafunga na kuwa nyota. Msokoto humlipa anayesaga kwa kina, na humnyima anayeogopa kupoteza chuma. Ukiutengenezea kisu kinachosagwa karibu na makali tu, bapa lililobaki litaonyesha mshazari, na utajiuliza nyota za kwenye picha zimekwenda wapi. Uache mche mnene kuliko ulivyozoea, kisha usage kote, kutoka mgongoni.

Matabaka yawe machache. Kusokota kwenyewe kunayabana. Mche wa matabaka 200 uliosokotwa hutoa ukungu wa kijivu. Kati ya 20 na 60 ndipo ninapoishi mimi. Hili lina baraka yake: mikunjo michache, moto michache, chuma kidogo kinachogeuka magamba.

Lakini msokoto ndio mtihani mkali wa maungio kuliko yote. Ngazi inaweza kukuficha. Eneo ambalo halikushika vizuri linabaki limelala kimya mpaka siku ya asidi. Msokoto unalifungua mbele yako, kama mdomo. Wangu mmoja niliusokota moto ukiwa haulingani, katikati njano, kuelekea ncha mwekundu. Katikati ilisokotwa kama kamba, ncha haikusogea hata robo mzunguko, na pale rangi mbili zilipokutana mche ulipasuka kwa urefu wa kidole. Chuma huzunguka pale palipo laini zaidi. Kama tanuri lako haliwezi kuupasha mche wote rangi moja, sokota vipande vifupi vifupi, au uiache nakshi hii kwa sasa.

Mambo mawili madogo yanayookoa kazi: ondoa kona nne za mche kabla ya kusokota, uwe wa pembe nane, kwa sababu kona kali hujikunja na kufunika magamba, na ukishasokota, saga mabonde ya nje yote kabla ya kuurudisha uwe mraba.

Msokoto una ukoo mrefu Ulaya. Upanga uliofukuliwa Sutton Hoo, Uingereza, wa mwanzoni mwa karne ya 7, una miche iliyosokotwa katikati na makali ya chuma kingine kilichoungwa kuzunguka. Wahunzi wale hawakutaka nakshi ifike kwenye makali, na mpangilio huo bado ni wa busara kwa kisu kirefu. Ukiunga miche kadhaa bega kwa bega, mmoja umesokotwa kulia na mwingine kushoto, unapata kile ambacho wengi hukiita msokoto wa Kituruki. Kazi yake ni mara nne, na uzuri nadhani ni mara tano.

Unyoya

Unapanga bonge refu la matabaka, unalipasha hadi joto la kuungia, halafu unashusha tindo butu kwa presi, kukata matabaka kutoka juu hadi chini. Butu, siyo kali. Tindo kali linakata safi. Butu linayaburuta matabaka kwenda chini linapopita, na ule mburuto ndio nyuzi za unyoya. Bonge limekuwa nusu mbili. Unasaga nyuso zilizokatwa mpaka ziwe chuma kitupu kinachong'aa, unazirudisha pamoja, unaziunga, unarefusha.

Matabaka sasa yamesimama, yanapita unene mzima wa bapa. Ndiyo maana nakshi hii haijali kusaga: ngozi na moyo ni kitu kimoja. Unachokiona kwenye mche siku ya kwanza ndicho utakachokiona kwenye kisu, na kwa anayechukia kubahatisha, hiyo ni raha kubwa.

Gharama yake iko kwenye mstari wa katikati, uti wa unyoya. Ni maungio mamoja marefu yanayopita kisu kizima, na hayana pa kujificha. Yasiposhika, kisu kina ufa kutoka mpinini hadi nchani. Na bila presi sishauri. Nimemwona fundi hodari akijaribu kwa nyundo nzito na msaidizi. Tindo lilikwama katikati ya bonge, chuma kikapoa, na siku ikaishia hapo.

Vigae na koti

Nakshi za vigae, zile za maua na nyavu zinazojirudia, hutokana na kuunga miche midogo ya mraba pamoja, kurefusha, kukata nne, kupanga upya, mpaka picha iliyo kwenye ncha ya mche ijirudie mara nyingi, kisha kuifungua ncha hiyo ije usoni. Nazitaja ili usizianze. Zisubiri mpaka unyoya usikutoe jasho tena.

Koti ni habari nyingine, na kwa mtu anayetaka kisu cha kazi ndilo jibu ninalolipendekeza mara nyingi kuliko anavyotarajia. Unachukua chuma kimoja kizuri cha kaboni, unakiweka katikati, na nakshi unaivika pande zote mbili. Visu vingi vya jikoni vya Japani vinavyotangazwa kuwa na matabaka 67 ndivyo vilivyo: moyo mmoja na matabaka 33 kila upande. Makali ni ya chuma unachokijua tabia, na nakshi haina haja ya kufika huko. Lile tatizo la ngazi kufifia karibu na makali linakufa lenyewe, maana pale inapofifia ndipo moyo unapoanza. Kinachotakiwa ni moyo ukae katikati kweli. Ukipiga upande mmoja zaidi, moyo unahama, na siku ya kusaga makali yanatokea kwenye koti.

Asidi nayo ina kura

Kloridi ya feri iliyozimuliwa, sehemu moja kwa tatu za maji hivi, kuchovya dakika tano hadi kumi, kutoa, kusugua kwa msasa laini sana, kurudia, kisha kuituliza kwa soda ya kuokea. Ukitia asidi kwa kina, weusi unashuka na weupe unabaki juu, unauhisi kwa ukucha. Unapendeza kwenye kisu cha kuonyesha chenye msokoto au unyoya mnene. Kisu cha jikoni kisiwe hivyo. Mabonde hayo hushika uchafu, na chakula hunasa. Hapo chovya kwa muda mfupi, kisha kilaze kisu saa chache kwenye kahawa ya unga iliyokorogwa nzito. Weusi unakolea bila kuchimba zaidi. Nakshi nyembamba kama ngazi ya matabaka 109 inaridhika kabisa na hilo.

Na kabla hujaukata mche wako kuwa kisu, kata kipande cha mkia chenye urefu wa vidole viwili. Kisage kwa mteremko ule ule unaokusudia, kutoka ngozi hadi moyoni, na ukichovye kwenye asidi. Kitakuonyesha ni kwa kina gani nyota zinafunga, au ni wapi vipandio vinaanza kufifia. Pima kina hicho kwa kaliper, ukiandike, na mgongo wa kisu chako uupange kutoka hapo.